Dokta Remmy: Hoja Inayochezeka

Remmy Ongala husifiwa zaidi kwa ujasiri wa kuimba yale ambayo wengine waliyakwepa. Sifa hiyo haimtoshi. Kutaja mauti jukwaani kunahitaji ujasiri tu. Kuyataja ukumbi mzima ukaendelea kucheza kunahitaji fundi. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila, bendi iliyobeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Sikiliza "Kifo". Anayashitaki mauti kwa kukosa huruma, huku magitaa yakipishana kwa wepesi kana kwamba hayakupewa habari za msiba. Maneno yanabaki mazito, lakini mdundo unakataa kulia nayo, na msikilizaji anajikuta amelipokea jambo ambalo kwa hotuba angelikimbia.

Wapo wanaosema mcheza dansi hasikilizi maneno. Wanasahau jinsi wimbo wa dansi wa enzi zile ulivyojengwa: kwanza kisa husimuliwa taratibu, ndipo lifuate chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea. Hoja huwa imeshaingia sikioni kabla miguu haijapamba moto, na chemko halirefushi starehe tu, bali humwacha mtu na hoja ileile ikizunguka kichwani. Wengine walimwona mtu wa matusi. Radio Tanzania ilikataa kuurusha "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati ukimwi ukitajwa kwa kunong'ona. Lakini aliyeiita kondomu soksi hakuwa akitafuta matusi. Alitafuta namna ya kulisema jambo hilo hata mbele ya wakwe. Wimbo ulienea bila redio.

Lawama yenye uzito zaidi ni kwamba alikuwa mhubiri mwenye gitaa. Pengine ilimfaa pale tu ufundi ulipolegea. Katika albamu ya "Mambo" ya mwaka 1992, iliyotolewa na Real World ya Uingereza, baadhi ya nyimbo aliziimba kwa Kiingereza, na humo ujumbe umebaki uchi, bila ule utani wa mtaani uliokuwa ukiuvisha. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, aliigeukia Injili. Nyimbo hizo nazo zina sauti yake ileile, ila swali limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Naziheshimu kuliko ninavyozisikiliza.