Kulichelewesha Jitu

Tarehe 4 Novemba 1977, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha filamu ya televisheni iitwayo The Incredible Hulk, iliyotokana na hadithi za katuni za Marvel. Aliyezoea filamu za mashujaa za siku hizi ataona kwanza yale iliyoyakosa. Hakuna mji unaobomolewa, hakuna adui aliyeshuka kutoka sayari nyingine, na jitu lenyewe ni mwanamume aliyepakwa rangi ya kijani kuanzia usoni hadi miguuni. Fedha zilikuwa za televisheni, na fedha za televisheni za miaka ile zilikuwa haba. Mimi naipenda filamu hii kwa moyo wote, na ninachokipenda zaidi ni jinsi mafundi wake walivyojua mahali pa kuweka nguvu zao.

Fundi mkuu alikuwa Kenneth Johnson, aliyeandika hadithi, akaongoza uigizaji na kusimamia utayarishaji. Alikuwa ameshafanya kazi kwenye The Six Million Dollar Man, na ndiye aliyebuni The Bionic Woman. Studio ya Universal ilipomwambia achague mmoja kati ya mashujaa wa Marvel, hakuwa na hamu nao. Siku hizo alikuwa akisoma Les Misérables ya Victor Hugo, kitabu alichopewa na mkewe, na humo ndimo alimoipata njia: mtu mwema anayekimbia maisha yake yote, na nyuma yake yuko mwingine asiyekubali kumwacha. Jean Valjean akawa Daktari David Banner, ambaye hasira humgeuza kuwa jitu. Javert akawa Jack McGee, mwandishi wa gazeti la udaku, aliyeigizwa na Jack Colvin.

Kisha akaanza kupunguza. Katika toleo la kwanza la mwaka 1962, Stan Lee na Jack Kirby walimweka Banner jangwani, penye jeshi na bomu la gamma, akipigwa na mlipuko wakati anamwokoa kijana aliyejipenyeza kwenye uwanja wa majaribio. Johnson aliliondoa bomu, akaliondoa jeshi, akamwondoa kijana. Hata jina la Bruce akaligeuza kuwa David. Alitaka pia kuiondoa rangi ya kijani, kwa kuwa kwake yeye rangi ya hasira ni nyekundu, lakini hapo Marvel hawakukubali. (Kwenye katuni jitu lilianza likiwa la kijivu, kijani kilikuja katika toleo la pili, baada ya kijivu kuwasumbua wachapaji.)

Mahali pa vyote alivyoviondoa aliweka kifo. Banner na mkewe wanapata ajali, gari linapinduka, mke ananasa ndani, na mume hana nguvu za kumtoa. Ndipo linapozaliwa swali linalomtafuna. Kama daktari na mtafiti, yeye na mwenzake Elaina Marks wanakusanya habari za watu wa kawaida ambao, wapendwa wao walipokuwa hatarini, walipata nguvu za ajabu, hata wakanyanyua magari. Kwa nini wao waliweza, na yeye akashindwa?

Ni kweli kwamba maabara ni rahisi kuijenga kuliko jangwa lenye bomu. Lakini tazama unafuu huo ulivyogeuzwa kuwa nafasi ya kuigiza. Bill Bixby, aliyemwigiza Banner, anatumia sehemu kubwa ya mwanzo wa filamu akifanya jambo ambalo waigizaji wengi hawalijui: anasikiliza. Mama anasimulia jinsi alivyolinyanyua gari kumwokoa mtoto wake, nasi tunakisoma kisa chote usoni mwa anayeuliza maswali. Mna heshima ya mtafiti, na chini yake mna wivu anaoujua kuwa hauna haki. Susan Sullivan, katika nafasi ya Elaina, yupo kando, ameshaona na hasemi. Matukio ya namna hii yanahitaji chumba, viti, taa, na mwongozaji asiye na haraka ya kukata picha.

Banner hatimaye anagundua kwamba miale ya gamma ina mkono katika siri hiyo, naye anajipiga miale usiku, peke yake, bila kujua kwamba mashine imebadilishwa na kipimo anachokipata ni kikubwa mno kuliko alichokusudia. Anajaribu kunyanyua kitanda, kinamshinda. Anaondoka na gari lake katika mvua kubwa, akiwa amekata tamaa.

Yanayofuata ndiyo dakika ninazozirudia kuliko zote. Tairi linapata pancha. Banner anashuka kwenye giza na maji, anapambana na nati za gurudumu, spana inateleza na mkono unaumia. Hilo tu. Kila dereva amewahi kuwa hapo, na nadhani Johnson alilichagua kwa sababu hiyo: hasira ya kwanza ya Hulk haisababishwi na adui yeyote, inasababishwa na tairi. Kamera inayafuata macho ya Bixby, na macho yanageuka meupe. Shati linachanika mgongoni, kiatu kinapasuka. Kila picha ni fupi, kila moja inaonyesha kipande kidogo cha mwili, na akili ya mtazamaji ndiyo inayoviunganisha. Mishono ililegezwa mapema, misuli iliyovimba ni kazi ya wapambaji, na mvua inaficha pale rangi inapokutana na ngozi.

Na jitu likishasimama, linafanya nini? Linalivamia gari, linalivunja, kisha linalitupa bondeni. Johnson hasemi neno kuhusu jambo hilo, wala hahitaji. Mtu aliyeshindwa na gari moja siku mke wake alipokufa sasa analirusha jingine, na wakati huu hakuna wa kuokolewa ndani yake. Nimeona filamu zilizogharimu mara mamia ya fedha hizi ambazo hazina pigo moja lililopangwa kwa akili namna hiyo.

Aliyechukua mwili wa jitu ni Lou Ferrigno, mtunisha misuli kutoka Brooklyn, aliyewahi kushinda taji la Mr. Universe. Kazi ilianza na mwingine, Richard Kiel, mrefu kupita Ferrigno lakini asiye na misuli iliyohitajika. Wakambadilisha wakati upigaji picha umeshaanza, na picha moja ya Kiel iliachwa ndani ya filamu. Mabadiliko ya namna hiyo ni gharama, na kwa bajeti ile ulikuwa uamuzi wa ujasiri. Ferrigno alikaa saa nyingi akipakwa rangi iliyochafua kila alichokigusa, na lenzi za macho zilikuwa ngumu na zenye maumivu, hazikuvumilika kwa muda mrefu. Kwenye katuni Hulk huongea. Kwa Johnson hana neno hata moja, ana ngurumo tu, na ngurumo hizo alizitoa Ted Cassidy. Ferrigno, ambaye alipoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni, alilijenga jitu zima kwa mabega, shingo na kutazama. Ukiliangalia vizuri utaona linashangaa mara nyingi kuliko linavyokasirika.

Mshangao huo umo katika tukio la ziwani. Jitu linamkuta msichana anavua samaki, msichana anatishika na kutumbukia majini, nalo linasukuma mti ili apate cha kushika. Johnson analiamkia Frankenstein ya mwaka 1931, ambamo kiumbe anamtupa mtoto ziwani bila kujua kwamba atakufa. Hapa mtoto anaokolewa, na malipo ya jitu ni risasi ya baba yake.

Zipo kasoro. Wigi haidanganyi mtu kwenye mwanga wa mchana, na mwendo wa polepole unatumika hadi unachosha. Filamu ilipozaa mfululizo wa televisheni mwaka 1978, umaskini ulianza kuonekana: katika sehemu moja walichukua picha za lori kutoka Duel, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1971, wakazishona ndani ya hadithi yao, jambo lililomuudhi Spielberg. Banner akawa anageuka mara mbili karibu kila sehemu, moja katikati na moja kuelekea mwisho, na ratiba ikichukua nafasi ya huzuni, hata Bixby hana la kufanya. Hata hivyo mfululizo uliishi hadi 1982, ukafuatwa na filamu tatu za televisheni kati ya 1988 na 1990, mbili za mwisho zikiongozwa na Bixby mwenyewe.

Hakuna kati ya hizo inayoifikia ile ya kwanza. Unayetengeneza filamu kwa kamera moja na marafiki wachache, itafute. Usiliangalie jitu sana. Anza na sura ya Bixby anaposikiliza, uhesabu muda Johnson anaokaa nayo kabla ya kuruhusu tone moja la rangi ya kijani, kisha uirudie sehemu ya tairi ukiwa umezima sauti. Yote yaliyomo mle yako ndani ya uwezo wako.