Kerneli Iliyo Kazini

Juzi picha ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la watu wa TEHAMA wa Mwanza: kioo cheusi, seva ya Ubuntu, na amri ya uptime ikisoma zaidi ya siku elfu moja. Pongezi zikamiminika. Fundi huyo, mashine haijazimika hata mara moja! Nilikasirika, na hasira bado ninayo. Namba ile inaonyesha seva ambayo kwa takribani miaka mitatu haijapakia kerneli mpya, na mafundi wazima wanaipigia makofi.

Ukiitwa kukagua kazi ya mwenzako, achana na uptime. Andika uname -r, halafu ls -l /boot/vmlinuz. Ya kwanza inataja kerneli iliyo kazini, ya pili ile iliyolala kwenye diski. Zikipishana, kazi haijaisha, hata kama apt inaapa kwamba hakuna kilichobaki. Kisha fungua /var/run/reboot-required.pkgs usome majina ya pakeji zinazosubiri seva iwashwe upya. Wanaoanza huruka hatua hii kila mara, kwa sababu wanaamini kiraka kikishashuka kimeshaziba. Kimeshuka kwenye diski. Kwenye kumbukumbu bado imekaa programu ya zamani, na ndiyo inayowahudumia watu. Ni daladala ya Buhongwa iliyobeba tairi jipya kwenye keria huku inakimbia na lile lililokwisha.

Wala si kerneli peke yake. Tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL lilipotangazwa Aprili 7, 2014, wapo waliosasisha maktaba hiyo haraka wakaenda kulala. Apache yao iliendelea kushikilia maktaba ya zamani, na siri zikaendelea kuvuja. Amri ya lsof ingewaonyesha: mstari wenye DEL ni faili lililofutwa kwenye diski lakini bado linatumika. Namjua mkandarasi mmoja aliyekuwa akileta ripoti nzuri kila mwezi, imechapwa kwa rangi, na orodha ndefu ya viraka alivyoweka. Aliviweka kweli. Kuwasha upya hakuwahi, kwa kuwa aliogopa seva isingeamka, na pesa yake alichukua. Wapo watakaonitajia Livepatch. Inaziba matundu makubwa ya kerneli bila kuzima mashine, sawa, lakini haizibi yote, na maktaba kama glibc haiigusi.

Fundi bora niliyepata kufanya naye kazi, mzee mmoja wa hapa Mkolani, alikuwa na desturi iliyowaudhi mameneja: aliwasha seva upya kabla ya kuigusa. Bakapu kwanza, kuwasha upya, kutazama huduma zote zikiamka, ndipo viraka, kisha kuwasha tena. Seva iliyokaa mwaka mzima bila kuzimwa hubeba mambo ambayo hakuna aliyeyaandika: huduma iliyoanzishwa kwa mkono, mstari wenye kosa ndani ya fstab, kanuni za fayawoli ambazo hazikuhifadhiwa popote. Ukiwasha mara moja tu mwishoni na kitu kikagoma, hujui kama ni kiraka au ni ubovu wa miezi kumi iliyopita. Mzee aliutenga ubovu huo mapema, saa tatu usiku, akili ikiwa bado haijachoka. Gridi ya taifa ilipozimika usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024, nilishinda Jumatatu ya Pasaka nikizunguka kwa wateja ambao seva zao zilikwama kwenye fstab baada ya UPS kuisha. Zile za mzee zilikuwa zimeamka zenyewe.

Mpango mzuri huanza na mipaka, na kwetu mipaka inajulikana: umeme, intaneti, na diski ya akiba ambayo ikihitajika inatoka Kariakoo kwa basi hadi stendi ya Nyegezi. Kwa hiyo viraka hushushwa siku moja kabla, vyote, kwa --download-only. Aliyefanya hivyo hakuhangaika Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini. Kizazi kilichongoja CD za bure za Ubuntu kwa posta, kabla huduma ya kuzituma, ShipIt, haijafungwa mwaka 2011, hakikuhitaji kufundishwa hili. Ulikuwa na CD moja mkononi, basi ulisoma maelekezo yote kabla ya kubonyeza chochote. Kazi ilikuwa safi zaidi wakati ule.

Mengine hayana mjadala. Seva ya Linux haiwekewi mazingira ya picha. Jina lake liwe fupi, kwa herufi ndogo. Daftari la kazi liwe la karatasi, maana faili la maelekezo lililo ndani ya seva huzima pamoja nayo. Ijumaa haiwekwi kiraka.

Kupanda toleo ndiko kunakompima fundi hasa. Ubuntu 18.04 haiendi 22.04 kwa mkupuo. Lazima ipite 20.04, na Debian nayo hairuki toleo. Shule moja ilikuwa na programu ya ada iliyoandikwa kwa PHP 7. Ubuntu 20.04 inakuja na PHP 7.4, 22.04 inakuja na 8.1, na kwenye mashine ya majaribio programu ilikufa papo hapo. Kijana aliyepewa kazi alisimama kwenye 20.04 kwa makusudi. Aliandika daftarini sababu ya kusimama, akaandika kwamba msaada wa kawaida wa toleo hilo ungekoma Mei 2025, akaitoa seva kwenye intaneti ibaki ndani ya mtandao wa shule tu, na kumpa mwandishi wa programu tarehe ya mwisho iliyo miezi sita kabla ya hapo.