Maporomoko na Kishindo: Juu ya Neno "Landslide" katika Kiswahili

Wafasiri wengi hulichukulia neno la Kiingereza "landslide" kuwa na kisawe kimoja tu cha Kiswahili, yaani maporomoko ya ardhi. Dhana hiyo yafaa ihakikiwe, kwani Kiingereza hulitumia neno hilo kwa mambo mawili: kuanguka kwa udongo wa mlimani, na kushinda uchaguzi kwa kura nyingi mno.

Katika Kiswahili, asili ya maporomoko ni kitenzi poromoka, yaani kushuka toka juu kwa kasi na kwa wingi. Kitenzi hiki hakihusu ardhi pekee. Kisangani, mkoani Tshopo, neno hili hufungamana na maji: yale maporomoko saba ya Boyoma yafuatanayo katika Mto Kongo toka Ubundu hadi mjini. Katesh, chini ya Mlima Hanang nchini Tanzania, ni tope lililoua watu zaidi ya 80 mwezi Desemba 2023. Kwa hiyo neno halijitoshelezi. Sharti ielezwe ni maporomoko ya nini.

Aidha, kitenzi hichohicho kimeenea hadi kwenye mambo yasiyoshikika. Bei huporomoka, shilingi huporomoka, maadili huporomoka. Katika mifano yote hiyo, kiporomokacho ndicho kilichopatwa na hasara. Hapo ndipo Kiswahili kinapoachana na Kiingereza. Jakaya Kikwete alipopata zaidi ya asilimia 80 ya kura za urais wa Tanzania mwaka 2005, ushindi wake uliitwa wa kishindo. Sitiari hiyo ni ya sauti ya kitu kizito kinachotua, wala si ya mlima unaobomoka. Mshindi hutua kwa kishindo. Aliyeshindwa ndiye ambaye kura zake zimeporomoka.

Hivyo, mfasiri aandikaye "ushindi wa maporomoko" hakosei msamiati tu, bali humvika mshindi vazi la msiba. Kosa hilo ni zito zaidi kwa wasomaji wa Kalehe, Kivu Kusini, ambako mafuriko na maporomoko ya udongo ya Mei 2023 yaliangamiza watu zaidi ya 400. Hapana budi basi mfasiri, kabla ya kufungua kamusi, ajiulize kwanza: katika habari hii, ni nani anayeporomoka?