Walivyoifuata Sumu Badala ya Bakteria

Mtoto anaharisha, mara nyingi kwa damu. Siku chache baadaye, wazazi wakidhani tumbo limetulia, anapauka, uso unavimba na mkojo unakuwa haba. Chembe nyekundu za damu zinavunjika, chembe sahani zinapungua, figo zinashindwa kazi. Madaktari wa Uswisi waliueleza ugonjwa huu mwaka 1955, lakini kwa takriban miaka 30 chanzo chake kiliwaponyoka watafiti.

Sababu ilikuwa muda. Figo zinapoanza kugoma, bakteria huwa wamekwisha kupungua sana kinyesini. Hata wanaobaki ni E. koli, ambao wakioteshwa maabara ni vigumu kuwatofautisha na wenzao wasio na madhara wanaoishi katika utumbo wa kila mtu.

Mohamed Karmali na wenzake, katika hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, waliamua kuitafuta sumu yenyewe. Walichukua kinyesi, wakakichuja hadi bakteria wote wakabaki nyuma, kisha majimaji yaliyopita wakayaweka juu ya seli za Vero. Seli hizo zilitokana na figo ya tumbili na zilianza kukuzwa Chiba, Japani, mwaka 1962. Mwaka 1977 Jack Konowalchuk, naye wa Kanada, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba majimaji ya baadhi ya E. koli huziua.

Kwenye darubini, seli zilizokuwa zimetandazika chini ya chombo zilijikunja, zikawa duara, zikabanduka. Hilo pekee halikutosha, kwa kuwa kinyesi kina mengi yanayoweza kuua seli. Ndipo sehemu nyingine ya majimaji yale yale ilipochanganywa kwanza na kingamwili dhidi ya sumu. Seli zikinusurika hapo, muuaji amejulikana. Kwangu hatua hii ya pili ndiyo iliyobeba kazi nzima. Bila hiyo wangekuwa na dhana tu.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1983. Miaka miwili baadaye walilinganisha watoto 40 wagonjwa na 40 wasio na ugonjwa huo: dalili za maambukizi zilipatikana kwa wagonjwa 30, na kwa wale wengine hakuna hata mmoja. Watafiti wengine walibaini kuwa sumu hiyo ni ndugu wa ile ya bakteria wa kuhara damu aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Sumu hiyo hushika kuta za mishipa midogo ya figo.

Faida ya kuifuata sumu ilionekana tena Ujerumani mwaka 2011, ambako aina ya E. koli iitwayo O104:H4 iliua watu zaidi ya 50. Maabara zilizozoea kusaka aina nyingine, O157, peke yake zingeikosa. Kipimo cha sumu huinasa.

Mzazi, mtoto aliyeharisha damu akianza kupauka au kukojoa kidogo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nawe tabibu, chukua kinyesi mapema, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na uombe kipimwe sumu.