"Sogeza": Neno Moja, Pande Mbili, Vipimo Vitatu

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo zimekwisha kuzoeleka ni "sogeza", kwa maana ya kupitisha ukurasa mbele ya macho kwa gurudumu la kipanya au kwa vidole juu ya kibao cha kugusa. Neno lenyewe ni zuri. Kasoro ni kwamba limetwishwa mambo mawili ambayo watengenezaji wa vivinjari na mitambo hawakupatana juu yake: upande na kipimo.

Tuanze na upande. Gurudumu lilipoenea kwa kipanya cha IntelliMouse cha Microsoft cha mwaka 1996, kulivuta kuelekea kwa mtumiaji kulileta maandishi ya chini. Mwaka 2011 Apple, katika Mac OS X Lion, iliugeuza utaratibu huo ili ukurasa ufuate mwendo wa vidole. Basi anayeambiwa "sogeza chini" afanye nini? Ukurasa ukishuka, huonekana ya juu. Macho yakishuka, huonekana ya chini.

Ama kipimo, Internet Explorer iliihesabu hatua moja ya gurudumu kuwa 120. Firefox kwa kawaida iliihesabu kuwa mistari 3, tena kwa alama ya kinyume. Kanuni za W3C zilizokuja kuleta umoja zikakubali vipimo vitatu: pikseli, mstari na ukurasa, bila kutaja urefu wa mstari. Hilo ni soko ambalo kila duka lina pishi yake. Kibao cha kugusa nacho hutuma vipimo vidogo vingi mfululizo. Programu inayohesabu kila kimoja kuwa hatua kamili huirusha ramani mbali na mahali alipokusudia mtumiaji.

Kwa maoni yetu, hitilafu hii si ya mafundi peke yao. Kipimo kisichofafanuliwa ni istilahi isiyokamilika. Twapendekeza "sogeza" litumike pamoja na kitu kinachosogezwa, yaani "sogeza ukurasa juu". Na katika maelekezo kwa msomaji yatumike "teremka" na "panda", kwani hapo mwenda ni yeye. "Mstari" nao usiandikwe kuwa kipimo mpaka urefu wake utajwe. Anayefuata maelekezo hana budi kufika alikoelekezwa, kivinjari chake kiwe kipi.