Thrash kwa Mizani 16

Kuna hoja moja ambayo nimeisikia tangu ujana wangu na imenichosha: kwamba Kiswahili ni lugha laini mno, haiwezi kubeba muziki wa hasira. Taarabu sawa, dansi sawa, kwaya sawa. Ukitaka kufoka, kaazime Kiingereza. Wanaoisema ni watu wasioujua muziki wa thrash metal, na cha ajabu ni kwamba wanaisema pia wale wanaoupiga. Mimi nimeusikiliza muziki huo kwa zaidi ya miaka 30 nikiwa hapahapa Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, na Agosti iliyopita nilisafiri hadi Nairobi kuuona ukipigwa jukwaani kwa mara ya kwanza. Bendi ilipiga nyimbo 11. Kumi zilikuwa za Kiingereza. Nataka kuzungumzia hasa ule mmoja.

Kwa asiyeujua muziki wenyewe: thrash ni mtoto mkorofi wa heavy metal, alizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Metallica walitoa Kill 'Em All mwaka 1983. Mwaka 1986 peke yake ukatupa Master of Puppets yao na Reign in Blood ya Slayer, albamu ya nyimbo 10 ambayo haifikishi hata nusu saa. Kama unaijua dansi yetu, fikiria chemko peke yake. Ile sehemu ya kwanza ya taratibu, ambapo mwimbaji anakusimulia yaliyomkuta na mpenzi wake, imefutwa. Unaingia mlangoni na kukuta chungu tayari kinafoka. Siri iko kwenye mkono wa kulia wa mpiga gitaa. Analaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi ili sauti isirefuke, halafu anachapa chini-juu, chini-juu bila kupumzika. Inatoka ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta, kavu, kila pigo limekatwa shingo.

Na ni muziki wa wasomaji, jamani, msiuonee. Mimi nilimfikia Hemingway kwa njia ya kaseti ya kunakili: Metallica walikuwa na "For Whom the Bell Tolls" mwaka 1984, na miaka mingi baadaye ndipo nilipoishika riwaya yenyewe ya mwaka 1940. "One", ya mwaka 1988, inatokana na Johnny Got His Gun ya Dalton Trumbo, riwaya kuhusu askari ambaye bomu limemwachia akili tu: hana mikono, hana miguu, haoni, hasikii, hasemi. Wimbo wa dansi wenye kisa kama hicho ungemalizia na mtu wa kutushauri. Thrash haishauri. Inakuweka chumbani na yule askari, inafunga mlango na kuondoka. Nilipokuwa na miaka 17 hilo lilinitisha kuliko kelele zote.

Basi, nikapanda basi la Arusha pale Msamvu, na kesho yake nikavuka Namanga. Safari ndefu ina mawazo yake. Nilikuwa nawahesabu wanamuziki waliochukuliwa na barabara: Salum Abdallah wa Cuban Marimba, 1965, Mbaraka Mwinshehe, aliyeanzia umaarufu wake Morogoro Jazz, 1979 huko Mombasa, na Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, 1986 huko Sweden, basi la bendi lilipopinduka. Wawili kati yao ni wa mji wangu. Dereva wetu alikuwa mwangalifu, namshukuru.

Mwenyeji wangu Nairobi alikuwa mpwa wangu anayesoma huko. Kwa Waluguru ukoo hupitia kwa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito, ndiye wa kuitwa kwenye posa na kwenye matanga. Kijana wa watu akajikuta anaingia baa ya ghorofani akiwa na mzee wa ukoo mwenye koti, huku mbele yetu vijana mia moja hivi wenye fulana nyeusi wakisukumana ndani ya duara kama wanaogombea daladala ya mwisho. "Mjomba, simama hapa nyuma ya nguzo," akaniambia. Nikasimama kwa nyimbo mbili. Ule wa tatu nikaingia. Ukianguka mle unainuliwa kabla hujajua nani kakuangusha. Heshima ya namna hiyo sijaikuta kwenye foleni yoyote ya serikali.

Nizungumzie bendi sasa. Sitaitaja jina kwa sababu hawajatoa albamu, na sioni haki kuwapa alama hadharani watu ambao bado wanajifunga viatu. Mpiga ngoma ni hatari, miguu yake miwili ilifanya kazi ya watu wanne. Magitaa mawili yaliviringana vizuri japo spika moja ilikuwa inakoroma tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo lilikuwa maneno. Wimbo wa kwanza, vita vya nyuklia. Wa pili, wahubiri matapeli wa kwenye televisheni, na hao walikuwa wa Kimarekani kabisa. Wa nne, sumu ya viwandani. Yaani Nairobi, mji ambao watu wananunua maji kwa madumu na kuamka wakikuta tingatinga limefika mlangoni, na kijana wake anaimba hofu za California ya mwaka 1986. Aliimba vizuri. Lakini hasira iliyoazimwa unaijua, kama suti ya kuazima: mikono inakuwa mirefu.

Wimbo wa saba akacheka kidogo kwenye maikrofoni, akasema, "Hii sasa ni ya utani." Watu wakapiga vigelegele. Ukaanza wimbo wa Kiswahili, kisa cha mpangaji anayerudi usiku na kukuta mwenye nyumba amebadilisha kufuli. Vitu vyake viko ndani. Mtoto wake yuko nje. Ubeti wa kwanza watu walicheka sana, wakarudishia maneno kwa sauti. Ubeti wa pili kicheko kikapungua. Wa tatu hakuna aliyecheka, na lile duara, ambalo lilikuwa linazunguka kivivu kwa mzaha, likakaza mwendo hadi mimi nikatoka kushika nguzo yangu tena.

Nini kilitokea pale? Mada ina sehemu yake, bila shaka, kwani nusu ya waliokuwemo walikuwa wapangaji. Ila masikio yangu yalishika jambo jingine, na hapa naomba msomaji anivumilie nihesabu.

Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, umekatwa katikati, 8 na 8, na kina mwisho wa kila kipande. Thrash kwa kawaida huenda kwa mipigo minne minne. Gawa kila mpigo mara mbili, kama gitaa linavyofanya, na unapata michapo 8. Vipimo viwili, michapo 16. Mshororo mzima wa shairi unaingia mle kama mguu kwenye kiatu chake: kipande cha kwanza kipimo cha kwanza, kina cha kati kinaangukia kwenye ukingo, kipande cha pili kipimo cha pili. Kwa mwendo wa mipigo 180 kwa dakika, mizani 8 zinachukua sekunde moja na theluthi. Ni haraka, lakini binadamu anayegombana husema kwa kasi hiyohiyo.

Jaribu mwenyewe, gonga meza kwa vidole, silabi moja kwa kila mgongo: Barabara ya Kisaki, vumbi lake halitoki. Hilo ni langu, nimelitunga nikisubiri bodaboda hapo inapoanzia barabara ya kwenda Kisaki, na halina thamani yoyote ya kifasihi. Lakini gonga, halafu ongeza kasi. Silabi za Kiswahili karibu zote ziko wazi, konsonanti na irabu, na urefu wake haupishani sana. Ta-ta-ta-ta. Ni mkono wa kulia wa mpiga gitaa huo. Kiingereza kinategemea neno fupi lenye konsonanti zilizorundikana mwishoni; linagonga kama nyundo, kisha unasubiri nyundo nyingine. Sisi tuna cherehani.

Bado kuna kikwazo cha irabu za mwisho. Irabu inataka kuvutwa, na mwimbaji akiivuta anageuka kuwa mwimbaji wa kwaya. Kijana yule alikuwa anaziba irabu kama mwenzake anavyoziba nyuzi: neno linatoka, anafunga koo juu yake mara moja. Aliziachia kwenye kina cha mwisho tu, na pale ndipo palipouma, kwa sababu ulikuwa umengoja kwa michapo 15. Sijui nani alimfundisha. Nadhani hakufundishwa na mtu, ni mizani yenyewe ilimshika mkono.

Kuna kejeli tamu hapa kwa sisi tuliosoma mjadala wa ushairi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo walisema huo si ushairi. Mimi daima nimekuwa upande wa Kezilahabi. Halafu naenda Nairobi na kukuta kijana mwenye nywele hadi mabegani, anayefoka hadi mishipa ya shingo inasimama, akiwa mwanamapokeo safi. Na hao wanaodai lugha ni laini wamsome Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi mwaka 1840. Mashairi yake ya siku za ugomvi wa Mazrui na Sayyid Said ni kebehi ya vita, ya kumchoma adui machoni. Ulaini ulitoka wapi? Nahisi ulitoka kwenye redio na kwenye vitabu vya kiada.

Ushahidi mwingine uko Dar es Salaam. Singeli inapita mipigo 200 kwa dakika, na Msaga Sumu na wenzake wanatema maneno juu yake na mama muuza chapati anayasikia yote. Hakuna aliyewaambia lugha haiwezi. Upande wa metal, wenzetu wa Nairobi waliofika mbali zaidi ni Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile iliyokwisha kuitembeza singeli duniani kwa Sounds of Sisso ya mwaka 2017. Jina lao kwa Kiswahili ni mnyama mwenye mbio. Wao wanalichukua kwa Kikikuyu, giza. Naipenda albamu hiyo na inaniogopesha. Lakini Duma wamelimaliza swali la lugha kwa kuichoma moto: sauti ya Khanja inayeyuka ndani ya mashine, na mara nyingi unabaki na ukelele mtupu. Ni jibu halali. Mimi ni mtu wa maneno, nataka yabaki.

Wimbo wa mwenye nyumba una kasoro, nisiupake sukari. Kiitikio kiligeuka Kiingereza ghafla, sentensi ambayo ungeweza kuikuta kwenye fulana yoyote, na pale hewa ikatoka. Ubeti wa nne ulikuwa wa kujaza tu. Na ule utangulizi wa utani ulikuwa ni woga, basi: mtu anajenga kitu chake bora kuliko vyote halafu anakiombea radhi kabla hajakifungua.

Baada ya onyesho nilimfuata mwimbaji nikamwambia hivyo, kwa adabu. Alinisikiliza huku anakunja waya.

"Mzee, Kiswahili ni ya shule," akasema. "Ukiimba nayo watu wanaona ni kama habari ya saa moja."

Nilimwelewa. Kwake yeye nyumbani ni Sheng, Kiingereza ni cha metal, na Kiswahili ni cha mtihani na mtangazaji mwenye tai. Nikamweleza kwamba kwetu Morogoro Kiswahili ndiyo lugha ya kugombania mpaka wa shamba, ya kumfukuza mwizi wa ndizi, ya kumtukana refa. Akacheka. Mpiga ngoma, aliyekuwa anafungasha vitu vyake pembeni, akaniuliza, "Hizo silabi nane umesema ni za nini?" Nikamgongea ile ya Kisaki kwenye sanduku la ngoma. Akairudia kwa vijiti, kisha mara mbili ya kasi, na haikupotea hata silabi moja. Mwimbaji alikuwa ameacha kukunja waya.

Kwenye matatu mpwa wangu akasema, "Lakini mjomba, ile ya landilodi si ni ya kuchekesha tu?"

"Ubeti wa tatu ulimsikia nani akicheka?"

Akafikiri hadi tulipofika kituo chetu, hakunijibu. Wiki iliyofuata alinitumia wimbo huo aliourekodi kwa simu akiwa amejibanza nyuma yangu. Nimeusikiliza hapa Bigwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya dada yangu. Una dakika 3 na sekunde 5. Sekunde 40 za mwanzo huwezi kusikia neno hata moja kwa sababu ya kicheko, na beti hizo nimekuwa nikizijaza mwenyewe, kwa kuhesabu.