Dick Alitoka. Wa Shakahola Je?

Desemba iliyopita nilikuwa stejini Shianda nikingoja matatu ya Kakamega. Vijana wa boda walikuwa wanabishana: kati ya magaidi wa dini na wauza unga, nani hatari zaidi? Mmoja akataja Garissa, Aprili 2015, watu 148 kwa siku moja. Mwingine akamkatiza: "Wee, unga unaua kila siku na hakuna anayehesabu." Matatu ikaja kabla hawajakubaliana. Mimi ni mtu wa vitabu, basi nikalipeleka swali lao vitabuni.

Vitabu vyenyewe unavijua, maana ulivisoma ukiogopa KCSE. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Dick ni mtoto anayeibwa kwao na kuishia mikononi mwa tajiri anayemtumia kulangua dawa za kulevya. Nilipoisoma shuleni nilifurahi Dick alipojinasua, akaanza biashara yake halali, akakutana tena na dadake. Niliposoma tena mwaka huu nilinuna kidogo. Anatoka kirahisi mno. Lakini kuna jambo moja ambalo Matei amelipata sawasawa: Dick anabeba mzigo bila kuupenda. Bosi anataka mikono yake na miguu yake, basi. Moyo wake hana haja nao. Ndiyo maana siku mlango unapofunguka, Dick anajua pa kukimbilia.

"Mkubwa", hadithi ya Ali Abdulla Ali katika Tumbo Lisiloshiba, ni kali zaidi. Humo biashara ya unga na uongozi vinalala kitanda kimoja. Ukidhani mwandishi ametia chumvi, kumbuka ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha. Walikamatwa 2014, kesi ikavutwa huku na kule hadi Januari 2017 walipopelekwa Marekani. Huko walikiri makosa, yakiwemo ya kuwahonga maafisa wa Kenya. Mmoja akapewa miaka 25, mwingine 23. Mlanguzi haitaki serikali ife. Anaitaka hai, mradi iwe mfukoni mwake.

Sasa niambie, mhubiri wa kifo yuko wapi katika vitabu vyetu? Aghalabu mtu wa dini tunayekutana naye ni mnafiki: anakula sadaka, anawatongoza waumini, tunamcheka, tunafungua ukurasa mwingine. Paul Mackenzie hachekeki. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu Aprili 2023, mingi ikiwa ya watoto. Watu waliuza mali, wakasafiri kutoka pembe mbalimbali za nchi, wakafunga kula ili wakutane na Yesu. Na mahubiri yake hayakuanzia kwenye kaburi. Yalianza kwa kukataa shule na kukataa hospitali.

Hapo ndipo swali la steji liliponigusa, maana nyumbani tuna kijana wetu. Binamu yangu alimaliza kidato cha nne, akakosa karo ya kuendelea, akaanza kushinda na bangi nyuma ya maduka. Tulimsema, tukamwombea, tukachoka. Kisha akapata kanisa fulani dogo. Akaacha kuvuta, akanyoa, akawa anaamka saa kumi kusali. Kukhu alilia kwa furaha. Hata mimi nilituma pesa ya suruali mpya.

Mwaka uliofuata alipatwa na malaria, akakataa dawa. Akasema kumeza tembe ni kumwambia Mungu hatoshi. Alilala siku nne akitetemeka, kukhu akiwa mlangoni anamsihi. Wajomba walimbeba kwa nguvu hadi hospitali. Alipona, lakini mpaka leo hajatusamehe. Siku zile za bangi tulimfungia mlango usiku. Siku za maombi tulimpigia makofi.

Nililiona hilo nikiwa nimechelewa. Wauza bangi na yule mchungaji walimpata kijana yuleyule, kwenye benchi lilelile, akiwa na njaa ileile ya kuitwa kwa jina na kupewa kazi ya kufanya. Tofauti ni kwamba bangi ilimwachia aibu, na mwenye aibu anajua amepotea. Mchungaji alimpa fahari. Utamwokoaje mtu anayeamini wewe ndiye uliyepotea?

Kwa hiyo vijana wa boda, jibu langu hili hapa. Kwa kijana mmoja mmoja, namwogopa zaidi mhubiri. Kwa nchi, namwogopa zaidi mlanguzi, kwa sababu polisi na mahakama anazozinunua ndizo tunazozitegemea zituokoe na huyo mhubiri. Mackenzie alikuwa mikononi mwa polisi Machi 2023, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Sisemi alihonga. Nasema mlango uliozoea kufunguliwa haufungi vizuri siku unapohitajika.

Kwa waandishi wetu nina ombi. Dick tumeshampata. Tuandikieni sasa yule kijana anayetembea kwa hiari kuelekea msituni, na msimfanye mjinga. Mpeni mhubiri wake sauti tamu kama ilivyo kweli, hadi msomaji mwenyewe atamani kuinuka amfuate. Kukhu angekisoma kitabu hicho. Labda siku ile angeshtuka kabla ya kulia kwa furaha.